Mkaguzi wa Mizani na Obo Yake

Mjomba wangu alikuwa mtu mgumu, na nalisema hilo mapema ili asije mtu akanilaumu baadaye kwamba nimempamba. Alikuwa mkaguzi wa mizani. Kazi yake ilikuwa kuzunguka masokoni na madukani na sanduku la mawe ya shaba, kuweka jiwe la kilo kwenye mizani ya mtu, kuinama, kuutazama mshale, kisha ama kugonga chapa ya kupita ama kuifunga mizani kwa waya na lakiri. Watu walimwita Mizani, na jina likamganda mpaka sisi wa nyumbani tukalitumia. Mama yangu, ambaye ni dada yake wa kumfuata, alikuwa halitumii pale tu alipokuwa amekasirika.

Mimi nauza vitambaa vya mapazia. Duka langu lilipokuwa jipya, mjomba aliingia asubuhi moja, nami nikadhani amekuja kunipongeza, nikamvutia kiti. Hakukaa. Aliichukua fimbo yangu ya mita, akailaza juu ya ya kwake, akaona ya kwangu imepungua upana wa ukucha, akaivunja gotini mbele ya wateja.

"Mjomba!" nikasema.

"Mjomba wako yuko nyumbani," akanijibu. "Hapa yuko mkaguzi."

Jioni aliniletea fimbo mpya aliyoinunua mwenyewe, akaniuliza kama nimekula. Ndivyo alivyokuwa. Ukitaka kumpenda ilibidi umpende hivyohivyo, na wengi hawakuwa na muda huo.

Mtu wa namna hiyo hapati marafiki. Mwenye duka hawezi kumkaribisha mkaguzi chai, maana majirani watasema anamhonga, na mjomba kwa upande wake hakupokea cha mtu hata kipande cha chungwa. Akipita sokoni mazungumzo yalififia, watu wakajifanya wanafuta meza. Siku alipostaafu walimpa saa ya ukutani na hotuba fupi. Kesho yake akapita sokoni akiwa raia kama raia wengine, mikono mitupu, na mazungumzo yakafifia vilevile. Aliniambia, "Bado wananiogopa," akacheka kidogo. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Mke wake, mkazamjomba wetu, alikuwa ameshafariki wakati huo. Watoto hawakujaliwa. Alikaa vyumba viwili ghorofa ya tatu, juu ya duka la rangi, na ngazi zote zilinuka tapentaini. Ndani mlikuwa na meza moja, viti viwili, redio iliyofunikwa kitambaa alichokishona marehemu, na kitanda ambacho upande mmoja haukuwa na mkunjo hata siku moja. Nilikuwa nikienda kila Jumapili kwa amri ya mama, na kila Jumapili nilikuta kikombe kimoja, sahani moja na kijiko kimoja vimeoshwa na kupangwa kwenye kitambaa. Nakwambia ukweli, vile vitu vitatu viliniumiza kuliko msiba wenyewe.

Lakini alikuwa na obo.

Ujanani, kabla ya mizani, alikuwa katika bendi ya polisi. Vijana wote walitaka tarumbeta na ngoma, vitu vya kumfanya msichana ageuke wakati wa gwaride, na obo ikabaki kabatini haina mwenyewe. Mkuu wa bendi akawapanga mstari, akawatazama midomo mmoja mmoja kama mtu anayenunua punda, akamwonyesha mjomba kidole. Obo ni bomba jembamba la mti mweusi, ndugu wa zumari, na majirani zake wa ghorofani waliiita zumari mpaka mwisho.

"Mzee, zumari yako leo imelia mapema."

"Si zumari. Ni obo."

"Haya mzee, obo. Lakini imelia mapema."

Hupulizi kwenye bomba moja kwa moja. Unapulizia kwenye ulimi, vipande viwili vyembamba vya tete vilivyobanwa pamoja kwa uzi, na ulimi huo haudumu. Kila baada ya muda lazima utengeneze mwingine. Mjomba alitengeneza wa kwake. Alikaa mezani na kisu kidogo akikwangua tete, anapuliza, anasikiliza, anakwangua tena. Ukizidisha kukwangua unakuwa laini, rahisi kupuliza, lakini sauti inashuka. Ukikwangua kidogo unakuwa mgumu, unataka midomo ya chuma. Alinieleza hayo yote Jumapili moja nami nikaitikia tu, huku nikiwaza mapazia ya mteja.

Alhamisi jioni ndiyo iliyokuwa siku yake. Alivaa shati la kupiga pasi, akashuka ngazi na sanduku lake dogo, akaenda shuleni kwa mwalimu wa hesabu. Huko, katika darasa la watoto wadogo, kwenye viti vilivyowafikisha magoti kifuani, walikutana wapulizaji watano. Mwalimu wa hesabu mwenyewe, mwanamke mwenye sauti ya kuamrisha, alipiga filimbi ya chuma. Fundi wa friji alipiga klarineti, bomba jingine jeusi la kupuliza, na vichekesho vyake vilikuwa vibaya kuliko klarineti yake. Mkunga alipiga honi, si ya gari, bali ile tarumbeta iliyojikunja kama konokono. Mara nyingi alifika akiwa bado na viatu vyake vya wodini. Wa tano alikuwa mwoka mikate, jitu kubwa kimya, unga masikioni, aliyepiga basuni, bomba refu lenye sauti ya chini kabisa. Basuni ikiwa peke yake haieleweki. Inasema pum, pum, pum, kama mtu anayepanda ngazi huku akifikiria jambo.

Wote walikuwa na kazi zao. Mara mojamoja walialikwa harusini au kwenye mahafali, wakapata soda na makofi, ila hakuna aliyeishi kwa muziki. Walikuwa wamecheza pamoja kwa miaka zaidi ya kumi.

Nilikwenda kuwasikiliza mara ya kwanza kwa shingo upande, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na mjomba hakutaka obo ilowe chini ya mwavuli wake uliotoboka, ikabidi nimpeleke kwa gari langu. Basi nikaona jambo ambalo sikuwahi kulijua. Watu watano wameshakaa, karatasi ziko tayari, na hakuna anayepiga. Wanamsubiri mjomba. Yeye anaweka ulimi mdomoni, anavuta pumzi, anatoa sauti moja, ndefu, nyoofu, isiyotikisika. Wengine wanaisikiliza kwa vichwa vilivyoinama, kisha mmojammoja wanaingia na kulinganisha za kwao: huyu anavuta bomba lake kidogo, huyu anasukuma, mpaka zote zinakuwa moja. Ndiyo desturi yao popote walipo wapulizaji wa aina hii. Obo haina pa kuvuta wala pa kusukuma sana; ilivyo ndivyo ilivyo, na wengine ndio wanaoifuata.

Nikamtazama mjomba wangu pale katikati, mtu ambaye sokoni anakimbiwa, hapa watu wazima wanne wanangoja pumzi yake. Nikaelewa kwa nini shati la Alhamisi hupigwa pasi.

Alikuwa na sheria moja. Fundi wa friji aliwahi kuleta simu yenye programu ya kupima sauti, yenye mshale na taa ya kijani. Mjomba akamwambia aizime. "Jiwe la kupimia ni moja," alisema. "Yakiwa mawili, soko limekufa." Hakuna aliyebisha. Na mimi niliyekulia na mtu huyu nilijua jambo wasilolijua wao: ofisini kwake, hata yale mawe ya shaba yalipelekwa makao makuu kila mwaka kulinganishwa na mengine, kwa sababu shaba inalika kwa kushikwashikwa. Jiwe haliwezi kujua lenyewe kwamba limepungua. Hayo alinifundisha yeye. Lakini kinyozi hajinyoi.

Kisha meno yakaharibika. Daktari alimng'oa manne ya mbele, juu, akampa ya bandia. Kwa wewe na mimi hiyo ni habari ya kutafuna. Kwa mpuliza obo, meno ni nguzo ya mdomo, na nguzo ikiyumba paa lote linayumba. Alikaa nyumbani wiki kadhaa, kisha akarudi Alhamisi yake, na mama akasema Mungu mkubwa, kaka amepona. Mimi niliona tu kwamba kisu cha tete kilikuwa kinafanya kazi zaidi kuliko zamani. Alikuwa anakwangua ndimi laini, laini zaidi, ili midomo isichoke.

Yaliyofuata aliyenisimulia ni mkunga, baadaye sana, kwa hiyo nayasimulia kama nilivyoyapata.

Alhamisi ya kwanza baada ya meno, mjomba alitoa sauti yake na ilikuwa imeshuka. Si kwa kiasi kikubwa. Hata nusu ya hatua ya kutoka kitufe cheupe cha piano kwenda cheusi haikufika. Mkunga akasikia. Akasema moyoni, mzee ametoka kuumwa, akavuta honi yake kidogo akamfuata. Wiki ya pili ikashuka zaidi. Mwalimu wa hesabu akavuta kichwa cha filimbi mpaka kikakaribia kuchomoka. Fundi wa friji, klarineti yake ilipofika mwisho wa kuvuta, alikata pete nyembamba ya bomba akaichomeka kwenye kiungo iwe ndefu. Na mwoka mikate akaenda kutafuta shingo nyingine ya basuni, ile ya chuma iliyopinda, akapata ndefu kuliko ya kwanza, akaja nayo mfukoni bila kusema neno.

Hawakula njama. Hilo ndilo lililonishangaza. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake anayemstahi mzee, na kila mmoja aliwaona wengine wanalingana akadhani sikio lake ndilo lenye matatizo. Funika kombe mwanaharamu apite. Mwaka ukapita, na zaidi, watu watano wakipiga vizuri kabisa, wamelingana wao kwa wao, na wote wako chini ya dunia nzima.

Ingekuwa hivyo mpaka leo kama chuo kimoja kisingejenga ukumbi. Walitakiwa wapulizaji watano wapige siku ya ufunguzi pamoja na piano, na piano ingepigwa na binti aliyefundisha muziki hapo chuoni. Mjomba alifurahi mpaka nikaogopa. Alikuja dukani kwangu, mara yake ya kwanza tangu kisa cha fimbo, akaniuliza kati ya shati jeupe na la krimu lipi linamfaa mtu wa jukwaani.

"Jeupe, mjomba."

"La krimu linaficha uzee."

"Basi la krimu."

"Lakini jeupe ndilo la heshima," akasema, akaondoka bila kununua chochote.

Mazoezi ya kwanza na piano yalifanyika palepale ukumbini. Nilimpeleka mimi, nikakaa kiti cha nyuma na hesabu zangu za mapazia. Binti alimsalimia kwa adabu zote, shikamoo mzee, nimesikia mengi kukuhusu, naye mjomba akaitika huku amekwisha kuvimba kifua. Walikaa. Mjomba akatoa sauti yake, wanne wakaingia mmojammoja, wakalingana. Nikaona wanne wale hawatazamani.

Binti akabonyeza sauti ileile kwenye piano.

Mimi sina sikio la muziki, hata kwenye harusi napiga makofi nje ya mdundo, lakini nilisikia. Ilikuwa kama meno ya uma kwenye sahani.

"Piano yako imepanda," mjomba akasema.

"Imelinganishwa juzi, mzee."

"Aliyeilinganisha amekuibia. Imepanda."

Binti akaibonyeza tena, taratibu. Alikuwa mpole, nasikitika kusema, kwa sababu angekuwa na kiburi ningepata mtu wa kumchukia. "Labda tuangalie kwa simu," akasema.

"Weka simu yako." Mjomba akamgeukia fundi wa friji. "Fundi. Nani yuko sawa hapa?"

Fundi, mtu wa vichekesho, akaanza kufuta klarineti yake kwa kitambaa. "Mzee, si unajua mapiano haya mapya..."

"Nimekuuliza swali la ndiyo au hapana."

Fundi akazidi kufuta. Mjomba akamtazama mwalimu wa hesabu, mwalimu akatazama karatasi zake. Na hapo nikamwona mjomba wangu anasimama, anaweka obo kitini, na nikautambua mwendo ule. Ulikuwa mwendo wa sokoni. Alikwenda kwa mwalimu wa hesabu akainama, akatazama filimbi ilivyovutwa. Akaenda kwa fundi, akaweka kidole kwenye ile pete ya bomba. Akatazama honi ya mkunga. Akafika kwa mwoka mikate, akaishika shingo ya basuni, akaipima kwa shubiri yake, na jitu lile likakaa kama mtoto anayekaguliwa kucha.

"Tangu lini?" mjomba akauliza.

Mkunga ndiye aliyepata ujasiri. Nadhani wakunga wamezoea kusema mambo kwa wakati wake. "Tangu meno, mzee."

"Wote?"

"Mimi nilidhani ni mimi tu," mwalimu akasema.

"Na mimi," fundi akasema.

Mwoka mikate machozi yalikuwa yanamtoka, na unga wa shavuni ukachora mistari.

Mjomba alirudi kitini. Akaivunja obo yake vipande vitatu, namaanisha aliifungua viungo, akavifuta kimoja kimoja, akavilaza sandukuni. Hakuwa na haraka. Akasema bila kuinua sauti, "Maisha yangu yote sikula chungwa la mtu. Ninyi mmenilisha mwaka mzima, na mkanivika kilemba cha ukoka juu yake. Mlinihonga."

"Mzee, si hivyo," mkunga akasema. "Tulikuonea..."

Akaishia hapo, lakini neno lililobaki kila mtu alilisikia. Huruma. Walimwonea huruma. Mahali pekee duniani alipodhani anangojwa, kumbe alikuwa anavumiliwa. Aliniita kwa mkono, tukatoka.

Nikamrudisha kwake kwa gari. Kwenye ngazi za tapentaini akasimama ghorofa ya pili kupumzika, akaniambia, "Wewe ulijua?"

"Sikujua, mjomba. Mimi sisikii hata kengele ya duka."

"Afadhali," akasema.

Jumapili iliyofuata aliniomba nimwekee ile programu kwenye simu yake. Yeye! Nikaiweka. Akaisimamisha mezani, akaegemeza kwenye kikombe, akapuliza. Mshale ukalala chini. Akafungua sanduku la ndimi, akachukua mpya, mgumu, aliokuwa hajaukwangua sana, akapuliza kwa nguvu zake zote mpaka shingo ikatuna. Mshale ukapanda, taa ikawa kijani. Alitabasamu kwa macho tu, maana mdomo ulikuwa kazini. Kisha midomo ikaanza kutetemeka, mshale ukashuka taratibu, taa ikazima, na alipoutoa mdomoni, ule ulimi wa tete ulikuwa na damu.

Alifanya hivyo siku nyingi. Majirani walilalamika kwamba zumari sasa haina wimbo, ina mlio mmoja tu. Nilimwambia apumzike, nikamwambia kuna madaktari wa meno wengine, nikamwambia uongo wote niliokuwa nao. Mwishowe akanikalisha kwenye kile kiti cha pili.

"Mizani ikishindwa kurudi sawa baada ya kurekebishwa," akaniuliza, "mkaguzi anafanya nini?"

"Mjomba, wewe si mizani."

"Anafanya nini?"

"Anaifunga."

"Basi." Akalifunga sanduku la obo, akaliweka juu ya kabati, mbali na mkono.

Kwa nini nilikasirika sana? Kwa sababu alikuwa na haki, na mtu mwenye haki huwezi kumsaidia. Mwalimu wa hesabu alipiga simu mara kadhaa. Mjomba alimjibu vizuri, akamwambia watafute mpuliza obo mwingine, akawaelekeza kwa kijana wa bendi ya polisi. Mwalimu akasema, mzee, njoo basi Alhamisi ukae tu, utusikilize, sisi ni watu wako. Nilikuwa pale, simu iko wazi. Mjomba akajibu, "Watu wangu? Mama, mimi sijui hata nyumba zenu ziko wapi." Mwalimu akaaga.

Ilikuwa kweli. Miaka yote hiyo walijuana kwa pumzi. Alijua fundi huvuta hewa mapema kabla ya sehemu ngumu, alijua mkunga akiwa amepoteza mtoto wodini honi yake huingia kwa kuchelewa, na hakuwahi kumuuliza. Walifika, wakalingana, wakapiga, wakafunga masanduku, usiku mwema. Kuna watu wanakaa hivyo hata na wake zao.

Siku ya ufunguzi wa ukumbi nilidhani hatakwenda. Alikwenda. Alivaa shati jeupe. Tulikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Binti alibonyeza sauti ya piano, kijana wa polisi akaipokea kwa obo yake, na wanne wakaingia juu yake mara moja, kama watu waliorudi nyumbani kwao. Fundi hakuwa na pete tena. Nilimwangalia mjomba. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza kama walivyokuwa wakimsikiliza yeye.

"Wamelingana," akaninong'oneza.

Nilitaka kusema ni afadhali enzi zake, lakini hata mimi kiziwi nilisikia kwamba muziki ule ulikuwa unang'aa. Walipomaliza alipiga makofi mpaka watu wakakaa, yeye bado anapiga. Kisha akaniomba tuondoke kabla hawajashuka jukwaani. Walikuwa wanatazama huku na huku juu ya vichwa vya watu. Nadhani walikuwa wanamtafuta.

Baada ya hapo akawa mtu wa dirishani. Mama alisema aje akae kwetu, akakataa. Alisema kwetu kuna kelele, na kweli kuna kelele. Simu ya mwalimu ikapungua, ikaacha. Siwalaumu. Mtu akikufungia mlango kwa adabu unaona aibu kuugonga kwa ngumi. Nilipokwenda Jumapili tulikuwa tunamaliza maneno kabla chai haijapoa, na nilipokuwa nashuka ngazi sikusikia zumari wala obo, ila ile saa yake ya ukutani.

Alhamisi moja nilifunga duka mapema nikapitia kwake, kwa sababu jirani wa chini aliniambia mzee siku hiyo hajashuka kununua mkate. Nilimkuta yuko mzima, hana njaa tu. Nikaingia jikoni kuchemsha maji. Hodi ikapigwa. Nikasikia mlango ukifunguliwa, na kisha hakuna sauti, mpaka nikachungulia.

Alikuwa mwoka mikate, ameujaza mlango wote. Mkono mmoja ameshika mkate uliofungwa gazeti, mwingine hana la kuufanyia.

"Karibu," mjomba akasema hatimaye. "Umejuaje nyumba?"

"Nimeuliza soko zima anapokaa Mizani," mwoka mikate akajibu. "Wote wanapajua."

Mjomba akautazama ule mkate. Niliogopa, nikajua anachokiwaza. Kisha akaupokea, kwa mikono miwili, akauweka mezani. Wakakaa kwenye vile viti viwili, wakitazamana, na sijawahi kuona watu wawili wakiteseka hivyo. Nilipeleka chai nikarudi jikoni nikabaki nyuma ya pazia, pazia la kwangu mwenyewe, nililomshonea.

"Leo si Alhamisi?" mjomba akauliza.

"Ni Alhamisi."

"Na mazoezi?"

"Yapo."

"Wanapiga bila basuni?"

"Watajua wenyewe."

Mwoka mikate akakohoa. Kisha akasimama, akakiinua kiti chake, akazunguka nacho meza, akakiweka kando ya kiti cha mjomba, upande wa kulia, wote wawili sasa wakitazama ukuta mtupu. "Samahani mzee," akasema. "Nimezoea kukaa hapa. Nikikutazama usoni sina neno."

Niliona bega la mjomba limeshuka, lile bega ambalo tangu siku ya piano lilikuwa juu. Wakanywa chai hivyo, wakitazama ukuta, muda mrefu. Niliwaza kwamba nitoke niwaache, ila njia ya kutokea ilipita mbele yao.

"Nyumbani kwako kuna nani?" mjomba akauliza ghafla.

"Hakuna mtu, mzee."

"Wamesafiri?"

"Hajawahi kuwapo mtu. Niko peke yangu."

Mjomba akageuka akamtazama. "Miaka yote ile, tukitoka pale shuleni, ulikuwa unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Nalala mapema, tanuri langu nawasha alfajiri. Nangoja Alhamisi."

"Na hukuniambia."

"Hukuniuliza, mzee." Mwoka mikate akakizungusha kikombe chake kitupu. "Na mimi sikukuuliza."

Mjomba aliugeukia ukuta tena. Niliona mkono wake unatafuta kitu juu ya meza, ukakuta mkate, ukaanza kufungua gazeti. Kisha akaniita bila kugeuza kichwa.

"Mwanangu, tuletee kisu, na chai nyingine. Huyu haondoki sasa hivi."